Kandambili Mlangoni mwa Kitalu

Shabani, mume wetu, alimjengea mke mwenzangu Mwamini kitalu nyumba, banda la nailoni la kulimia nyanya. Umeme wake ukavutwa kutoka kwangu, maana mita iko kwangu, mimi ndiye bi mkubwa. Miaka thelathini na minane napika hapa Vihingo, sijajengewa hata kibanda cha jiko. Roho iliniuma.

Mara mbili nilizima swichi ya kitalu, pampu yake ikiwa inanyunyiza. Akija kuuliza nasema, "Umeme umekatika, mdogo wangu." Mara ya pili alikuta redio yangu inaimba.

Alhamisi nikaenda kumwomba nyanya za mchuzi. Mlangoni kandambili zake zimepangwa, maana bwana shamba kamwambia asiingize udongo wa nje.

"Vua, bi mkubwa, utaniletea magonjwa."

"Mimi na magonjwa wapi na wapi!" Nikaingia na kandambili zangu vilevile.

Ndani joto, nailoni inadondosha maji. Soketi, kama hizi za chumbani, imefungwa kwenye nguzo ya chuma na kuvikwa mfuko wa nailoni isilowe. Lakini ndani ya mfuko maji yametanda kama kwenye mfuniko wa sufuria. Nikaishika nguzo. Kitu kikaniuma kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Mwamini alikuwa mwisho wa tuta, peku, topeni.

"Usiiguse nguzo!" nikasema, nikatoka kwenda kuzima. Hatua tatu za kwanza nilizipiga polepole. Hizo Mungu anazijua. Kisha nikakimbia.

Nimezima tu, huyo kafika nyuma yangu.

"Leo tena! Sasa kisingizio ni nguzo? Sema roho inakuuma!" Mkono wake unaelekea kwenye swichi.

Nikaushika. "Inaniuma. Zile mara mbili nilizima kwa wivu, ni mimi. Hii si wivu. Nguzo ina umeme, na wewe unaingia peku. Ukiwasha, utakufa."

Akaushusha mkono.

Tukamwita Rama, fundi umeme, akaja kutoka Kisarawe. Akavaa mabuti ya mpira, akawasha, akagusisha kipimo kwenye nguzo: kikawaka taa.

"Mfuko ndio umefungia unyevu," akasema. Soketi akaihamishia nje, kwenye boksi lenye mfuniko wa mpira. Waya wa pampu akaupitisha kwenye bomba, akapigilia chuma ardhini cha kupeleka chini umeme unaopotea, akaweka na swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja.

Shabani aliporudi akauliza ilikuwaje. Nikainama, nikijua sasa yatasemwa yote.

"Bi mkubwa kaona hatari, kazima," Mwamini akajibu. "Bila yeye ningekuwa maiti." Zile mara mbili hakuzitaja. Akanijazia kikapu cha nyanya.

Nilizipika kwenye mafiga yangu, moshi ukinitoa machozi. Nyanya zake tamu. Na hilo nalo linaniuma: kitalu anacho yeye, na hata roho nzuri kanizidi.