Mwanamke wa Mwisho kwenye Benchi

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wateja wangu saluni wanajua: ukichelewa nusu saa utasukwa, lakini utasukwa na maneno juu. Kwa hiyo asubuhi ile Baba aliponiuliza kwa mara ya nne kama tiketi za makumbusho ninazo, nilimjibu vibaya.

"Ninazo, Baba. Zilikuwepo ulipouliza mara ya kwanza, zipo sasa, na ukiuliza tena nazitafuna."

Akacheka. Baba hakasiriki. Hasira zote za nyumbani kwetu nimezibeba mimi peke yangu, na sijui nilizitoa wapi.

Tulikuwa tunaenda kwenye kinu. Si kinu cha kutwangia. Kinu cha maji, jumba la mawe la ghorofa mbili lenye gurudumu kubwa ubavuni. Zamani mto uligeuza gurudumu, gurudumu likageuza mawe, na mawe yakasaga ngano ya wilaya nzima. Baba alikuwa msagaji pale kwa miaka ishirini na sita. Walimwita Masikio, maana aliweza kukaa chini anakunywa chai yake na kukwambia jiwe lipi limekaa upande. Kinu kilipofungwa tulihamia mjini. Sasa kimegeuzwa makumbusho, na watu wanalipa kuingia mahali ambapo baba yangu alikuwa analipwa.

Mama alikuwa mshona magunia kwenye kinu hichohicho. Alifariki nikiwa na miaka miwili, simkumbuki hata kidogo. Jambo moja tu nalijua juu yake kwa hakika: alikuwa mashoto. Tukikaa mezani Baba alikuwa akisema, "Afadhali wewe. Mama yako alikuwa akinipiga kiwiko kila nikinyanyua kijiko."

Picha yake tulikuwa nayo moja, kwenye fremu juu ya kabati. Nilipokuwa na miaka tisa niliiosha. Ndiyo, niliiosha. Niliona ina vumbi, nikaitoa kwenye fremu, nikachukua maji na sabuni nikasugua, ili Baba akirudi kazini aikute inang'aa. Sura ikatoka na povu. Baba alirudi, akaishika ile karatasi, akaianika dirishani kama nguo, kisha akaniuliza kama nimekula. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Laiti angenichapa, ningekuwa nimeshasahau.

Sasa mwezi uliopita mteja mmoja, kakaa kwenye kiti changu, akanisimulia kwamba ametembelea kile kinu na kwamba ghorofani wametundika picha kubwa ya wanawake wanashona magunia. Nilimwacha na nywele nusu nikatoka nje kuvuta pumzi. Nilikuwa nimekaa na deni la ile picha miaka arobaini. Tatizo ni kwamba macho ya Baba yameingia ukungu. Daktari alisema ni presha ya macho na kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga, na mtu anamwona kama kivuli. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta Mama kwenye picha ilikuwa yangu mimi, ambaye sijawahi kumjua.

Ule mji mdogo ni mzuri, lazima niseme. Vichochoro vya mawe, maua kwenye kila dirisha, daraja ambalo kila mtu anasimama juu yake apigwe picha. Baba hakutaka kusimama. Alinivuta mkono kwa kasi, mzee wa miaka sabini na nane, kama aliyechelewa zamu.

Mlangoni tulipokewa na mwongozaji, mama wa makamo mwenye rundo la funguo kiunoni. Kila hatua, cheng'e cheng'e. Nikambatiza Mama Funguo kimoyomoyo. Alikuwa amekariri maneno yake na aliyatoa bila kupumua: gurudumu lina mbao ngapi, jiwe lina uzito gani.

"Na msagaji," akasema, "alikuwa akiangalia unga kwa macho kujua kama umesagika vizuri."

"Kwa kidole gumba," Baba akasema.

"Samahani, mzee?"

"Unausugua hivi, kati ya gumba na kidole cha pili. Macho yanadanganya. Unga ukiwa wa moto, mawe yamekaribiana mno, unauunguza."

Nikadhani Mama Funguo atanuna. Wapi! Alitoa kalamu na kijidaftari akaandika, akamwomba arudie. Hapo nikaanza kumpenda kidogo, funguo na yote.

Kwenye ngazi alitaka kumshika Baba mkono. "Mzee, angalia, kuna kidato kimoja ni kifupi..."

"Cha saba," Baba akasema, naye alikuwa ameshakiruka.

Chumba cha kushonea kiko ghorofa ya kwanza. Ni kirefu na kitupu, sakafu ya mbao. Ukuta mmoja una dirisha kubwa linalotazama mto, ukuta wa mkabala una tundu ambalo zamani unga ulishukia. Baba alisimama mlangoni akavuta hewa kwa pua. Maji yalikuwa yakinguruma nje. "Hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo hadi nikamwangalia.

Picha ilitundikwa karibu na mlango, pana kama meza. Chini wameandika, nami nikamsomea Baba: *Washona magunia. Majina hayajulikani. Imepigwa kutoka mlango huu.* Wanawake sita kwenye benchi moja, vitambaa kichwani, unga umewajaa mpaka kope, kila mmoja na gunia mapajani na shazia mkononi, ile sindano nene iliyopinda ncha.

"Haya," Baba akasema. "Mtafute mwenye shazia kushoto."

Nikaangalia. Nikaangalia tena.

"Baba, wote."

"Wote nini?"

"Wameshika kushoto. Watano kati ya sita! Ni mmoja tu anayetumia kulia."

Mama Funguo akadakia kwa furaha. "Enhee! Wageni wengi wanashangaa. Sisi tunaeleza kwamba walifundishwa kushonea kushoto, ili mkono wa kulia ushike mdomo wa gunia."

"Nani kakwambia?" Baba akauliza kwa upole.

"Tuli... tuliona kwenye picha."

Hapo hasira zikanipanda, tena si kwa Mama Funguo. Kwa ile picha, kwa safari, kwa sabuni ya miaka arobaini iliyopita. Nimekuja na alama moja tu ya kumtambulia mama yangu, na nakuta wanawake watano wanayo! Nyuso zao zimeinama, unga mtupu, huwezi kumjua hata dada yako wa tumbo moja.

"Basi twende," nikasema. "Hakuna kitu hapa. Watano wameinama sioni sura, na wa sita huyo wa kulia, mwisho wa benchi, hata kazi hafanyi. Kanyanyua uso anamchekea mpiga picha. Wenzake wanashona yeye anajishaua. Sura yenyewe kama ya mteja wangu mmoja, nimeshaiona mahali."

Baba hakutoka mlangoni. Aligeuza kichwa taratibu, sikio moja kisha jingine, nikajua ndivyo alivyokuwa akifanya na yale mawe.

"Dirisha la mtoni kwenye picha liko mkono gani?"

"Kushoto."

"Mimi nimesimama mlangoni?"

"Umesimama mlangoni, Baba, unajua."

"Na maji nayasikia kulia."

Nikageuka. Dirisha la kweli lilikuwa kulia kwetu, mto unang'aa ndani yake. Kwenye picha lilikuwa kushoto. Mama Funguo naye akageuka, akarudi kwenye picha, akageuka tena, funguo zinalia.

"Labda mpiga picha alisimama upande ule mwingine," akasema.

"Upande ule benchi lilikuwa limegusa ukuta. Angesimama ndani ya mawe?" Baba akawa anatabasamu. "Mama, picha yenu imegeuzwa. Aliyeisafisha aliweka filamu upande siyo."

"Ala!" Mama Funguo akajishika kichwa. "Na zile herufi kwenye gunia la pembeni! Sisi tulidhani ni za kigeni, kumbe zimegeuka! Miaka saba, jamani. Miaka saba napita hapa na wageni!"

Mimi sikuwa nasikia tena. Mimi ni msusi. Kutwa nzima naangalia watu kwenye kioo, mkono wa kulia uko kushoto, ndiyo kazi yangu, na sikuiona. Kama picha imegeuzwa, wale watano ni watu wa kulia kama watu wote. Mashoto ni mmoja.

"Mwisho wa benchi," Baba akasema, kama anajisemea. "Ulisema kakaa mwisho wa benchi. Msimamizi alimweka pale mwenyewe, upande ambao mkono wake hauna jirani, maana alikuwa akiwapiga wenzake viwiko. Siku ya kwanza alimtoboa mtu." Akanigeukia. "Anacheka?"

"Anacheka."

"Basi ndiye. Hakuwahi kuambiwa inama akainama."

Nilimsogelea yule mwanamke mpaka pua yangu ikakaribia kugusa karatasi. Nilikuwa nimemwita mtu wa kujishaua. Mama yangu mzazi! Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa, na Mama Funguo, Mungu ambariki, alienda zake dirishani akajifanya anahesabu vioo.

"Sasa niambie alivyo," Baba akasema. "Polepole. Usiruke kitu."

"Baba, wewe unamjua. Mimi ndiye..."

"Niambie tu."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake. Nikamgeukia. Ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, uso kauinamisha.

"Umemsahau?"

"Sauti yake ninayo," akasema. "Mikono yake ninayo. Sura ilinitoka mwaka juzi, macho yalipoanza kwenda. Kila nikiitafuta inakuja ya mtu mwingine. Nikaona aibu kukwambia."

Aibu! Yeye ndiye aliyeona aibu! Nilitaka kupiga kelele. "Ni mimi niliyeiosha picha, Baba. Ungekuwa nayo. Ungeiangalia kila siku kabla macho hayajaharibika. Nisamehe. Nilitaka tu iwe safi."

"Ile?" Akashangaa kweli. "Ile picha ilikuwa mbaya sana. Alikuwa amefumba macho."

"Nini?"

"Mpiga picha alihesabu moja mbili, yeye akafumba kwenye tatu. Alinuna wiki nzima. Alisema nikiitundika ataichoma. Nikasubiri, nikaja kuitundika yeye ameshaondoka, sikuwa na nyingine." Akatikisa kichwa. "Siku ulipoiosha nikasema, huyu naye, mama mtu na mtoto wake, hasira zilezile za kutaka kila kitu kiwe sawa."

"Miaka arobaini hukuniambia!"

"Hukuuliza."

Huyo ndiye baba yangu. Nilicheka huku nalia, makamasi mpaka mdomoni. Nikajikaza, nikaiangalia picha, nikaanza kumwambia.

"Paji lake ni pana. Nyusi zimekaribia kukutana katikati. Macho yako wazi, Baba, yako wazi kabisa. Ana mwanya. Midomo imekaa kama anataka kumjibu mtu. Na shavu moja lina kishimo, moja tu, lile lingine halina..."

Nikakwama. Nilikuwa nimeijua ile sura tangu mwanzo, na haikuwa ya mteja. Ni ile ninayoiona kila siku juu ya kichwa cha mteja, kwenye kioo, imesimama na kitana mkononi.

Baba naye alikuwa ameelewa. Aliegemeza fimbo ukutani na kuninyooshea mkono. Nikaushika nikauweka usoni kwangu. Vidole vyake ni vigumu, vina ganzi ya kazi, isipokuwa gumba. Gumba lake bado linahisi kila kitu. Alilipitisha kwenye paji, akalishusha kwenye nyusi, akafika shavuni akazunguka, akazunguka tena.

"Hapana kishimo," akasema.

"Kinatokea nikicheka tu, Baba."

"Basi cheka kidogo, mwanangu. Nikione."

Nikajaribu. Mara ya kwanza sikuweza. Baba akasubiri, gumba palepale, mpaka nikaweza.