Shuka la Mistari

Mama hakujua kuogelea, na ndiye aliyetufundisha sote kuogelea.

Ukimwambia mtu hivyo, anakucheka. Lakini waliozoea gati la mbao la ziwa lile, ndani kabisa ya hifadhi ya msitu, wanamkumbuka: mwanamke mwenye gauni refu anayetembea taratibu juu ya mbao, kashika ncha mbili za shuka la mistari kama anayeongoza mbuzi mkaidi. Mbuzi mwenyewe nilikuwa mimi, chini majini, shuka limenizunguka tumboni, napiga miguu na kumeza maji. Nikizama, anavuta. Nikielea, analegeza. Siku moja aliliachia kabisa bila kuniambia, nikafika mwisho wa gati shuka likinifuata nyuma kama mkia. Baba, aliyekuwa akipuliza moto kwenye meko ya wageni chini ya misonobari, alicheka mpaka moshi ukampalia.

Sasa Baba hayupo, na hifadhi imetangaza kuwa gati litang'olewa, liwekwe la plastiki.

"Nipelekeni kabla hawajaling'oa," Mama alisema. Tukadhani anataka kuliangalia tu.

Tulikwenda Jumamosi, mimi, Mama na kaka yangu. Kaka anauza vioo vya madirisha, ila nyumbani tunamwita Wakili, maana hajaona kanuni asiyoitetea. Harufu ilitupokea kwanza, ile ya majani makavu na maji yaliyotulia, nikajikuta natafuta kwa macho viatu vya Baba kando ya meko. Meza yetu ilikuwepo bado, imeinama upande uleule. Gati nalo lilikuwepo, ila limefungwa kamba, na kibao kimeandikwa: USIPITE.

Mama akafungua kikapu. Chini ya chupa ya chai akatoa shuka. Mistari ilikuwa imefifia, haijulikani tena kama ilikuwa ya bluu au ya kijani.

"Leo zamu yangu," akasema.

"Zamu ya nini, Mama?" Wakili akauliza.

"Ya kuwa mbuzi."

Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kuna sehemu ya kuogelea pale, Mama. Ina maboya, ina mwokoaji."

"Ina gati?"

"Haina."

"Basi mwokoaji akae na maboya yake. Miaka yote nimewashika nyinyi. Mimi nani angenishika, baba yenu? Yule alikuwa akiogelea kama tofali."

Wakili alinigeukia, akaniita kwa jina langu la utani la nyumbani. "Kiberiti, mwambie kitu."

Nikamwambia Mama avue viatu. Kisha nikainua kamba.

Alishuka ngazi na gauni lake, maji yakamfika kifuani, akashusha pumzi kama anayeweka mzigo chini. Nikamzungushia shuka, nikakamata ncha mbili, nikaanza kutembea. Mbao zililia palepale zilipokuwa zikilia zamani. Mama alikuwa mzito, halafu akawa mwepesi. Akapiga miguu. Akameza maji, akakohoa, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha msichana aliyetoroka kazi za jikoni.

"Usiliachie," akasema.

"Siliachii."

"Legeza kidogo, basi."

Nikalegeza. Ndipo filimbi ikalia ufukweni. Askari wa hifadhi alikuwa anakuja mbio, anapunga mkono turudi. Hatua chache zilikuwa zimebaki mbele yetu. Sikurudi. Nilitembea mwendo uleule wa Mama hadi ubao wa mwisho, naye akagusa nguzo kwa kiganja, akaishikilia, macho yameelekea kule kwenye meko.

Tulipotoka, askari alikuwa anahema. Mama alikuwa amejifunika shuka, anatetemeka na kutabasamu.

"Kibao hamkukiona?"

"Tulikiona," nikasema.

"Dada, gati limeoza. Niombe msamaha tu, yaishe. La sivyo nakufungia geti, hutaingia tena humu."

Wakili akaninong'oneza, "Sema neno moja tu, mdogo wangu. Moja."

Nilimtazama Mama akikamua pindo la gauni lake, polepole, kama hataki maji yaishe.

"Kamba niliiona, kibao nilikisoma, na geti unaweza kulifunga," nikamwambia askari. "Msamaha siombi."