Waya Haukufika Kitandani

...nikate au niache, ananiuliza tena, nami nimesimama uani na kikombe cha chai nilichomletea yeye na sasa nakinywa mwenyewe, Mkhize yuko juu ya ngazi, tumbo limeegemea ukuta, koleo mkononi, faiba yake ya intaneti, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu ameshaipitisha dirishani, taa ya kijani inawaka sebuleni, kazi imekwisha, umebaki tu huu waya mweusi wa simu ya zamani, unatoka kwenye nguzo, unapita juu ya mti wa parachichi, unaingia ukutani, waya uliokufa, ndivyo anavyouita, "MaNgcobo, waya uliokufa ni wa kukatwa, ukiuacha tumbili watafanya bembea," nami nasema subiri kidogo, Khabazela, hilo ni jina la sifa la ukoo wao, huwa nalitumia kwa mtu wa Mkhize nikitaka aone namheshimu wakati namchelewesha... na simu yenyewe imenyamaza tangu Januari, nikifuta vumbi nainua mkono wake nausikiliza, hakuna hata ule mlio, kimya tu, nairudisha, nafuta meza, sijui nasikiliza nini, au najua, ni baba mdogo Mandlakayise na mdomo wake, kaka yangu amekwama kwenye waya, yaani baba yangu marehemu, alisema hivyo mdogo wangu Mfaniseni alipofukuzwa kiwandani, alisema hivyo nilipoachika, alisema hivyo hata kuku walipokufa kwa kideri, anavuta ugoro, anapiga chafya, anaonyesha nguzo kwa fimbo, yuko pale, mnategemea mambo yenu yanyooke vipi... na kama yuko pale kweli, basi koleo la Mkhize ndilo litakalomwacha nje milele, mimi nikiwa nimeshika kikombe... "Halafu usiutupe," anasema Mkhize, "ndani una waya za rangi, shangazi zangu kule Msinga wanasukia vifuniko vya vyungu vya pombe," naitikia mmh, baba alikuwa akipiga simu kutoka Durban kila Ijumaa, hakuuliza habari za shule wala za mvua, aliuliza pombe imefunikwa, maana inzi mmoja tu kwenye chungu na mtu yule hanywi, anasusa kama bibi harusi, na Ijumaa moja hakupiga, wakapiga watu wa hospitali, amefariki, na mwaka ule wa mapigano nani angetoka hapa Edendale, barabara imejaa mawe na matairi yanayowaka, na mtu akifia mbali sharti aendewe pale pale alipokatia roho, na tawi la umlahlankosi, ule mti wa miiba, aitwe kwa jina, aambiwe twende nyumbani, la sivyo atabaki huko akitangatanga, mama alikuwa na tawi, barabara hakuwa nayo, alikuwa na simu, akapiga... nilikuwa darasa la tatu, nimesimama kando yake, sauti ya nesi naisikia mpaka kwangu, mama akamwambia, mwanangu, nisogezee hiyo simu mpaka kitandani kwake, nesi akasema, pole mama, kitanda kina mgonjwa mwingine sasa, na waya haufiki, mama akasema, basi mwambie yeye asogee, miguu si anayo... nadhani yule dada alikuwa amechoka, au alikuwa na baba yake naye, tukamsikia anaita wodini, "Ngcobo, mkeo anakuita kwenye simu," na mama akaliweka tawi kwenye simu, miiba ikakwaruza plastiki, alama zipo hadi leo, akamwita kwa jina la sifa la ukoo wetu, Mapholoba, twende nyumbani, na baba mdogo pale mlangoni akacheka, "Shemeji, tangu lini marehemu akapanda simu?"... "MaNgcobo, hii ngazi si kitanda," anasema Mkhize, nasikia, nasikia, lakini mama hakumjibu baba mdogo, hilo nalikumbuka sasa, kwa sababu ukishamchukua marehemu husemi na mtu mwingine, unasema naye tu, alinipa mkono wa simu, hakuniambia kitu, nikaushika, akatoka na tawi, akavuka ua, huu huu ninaosimama, akisema, huku, pita huku, kuna dimbwi, nami nilimwona kupitia dirishani, amefika kwenye msonge ambako mizimu yetu hukaa, kule ndani nyuma tunakopaita umsamo, na pale mlangoni akasimama akasema, inama... inama, mlango mfupi... baba alikuwa mrefu, kila Krismasi akirudi alijigonga paji la uso pale na kumtukana fundi, na mama alingoja kidogo, kama unavyomngoja mtu mrefu apite, ndipo akaingia... huwezi kumwambia ainame mtu aliyekwama nguzoni, alikuwa naye, amefika naye, na tangu siku ile mama hakuisemesha simu hata mara moja, akitaka kumlaumu mumewe alikwenda msongeni akamlaumu huko, na mimi ndiye niliyebaki sebuleni, nimebana simu sikioni, nasikiliza ule mlio, tuut, tuut, hakuna aliyeniambia irudishe, watu wawili wamepita mbele yangu wakaenda zao na mimi nasikiliza waya, na bado, kila nikifuta vumbi, aliyekwama ni mimi, na inaniuma, na nataka kucheka pia... chai imepoa, tumbili mmoja amekaa kwenye parachichi anatutazama, Mkhize ameshika waya kwa mkono mmoja, koleo kwa mwingine, "Nikate au niache?" na nitamwambia akatie karibu na nguzo, aniachie mrefu, niende nao Msinga kwa hao shangazi zake wakanifundishe kusuka, maana tangu mama aondoke chungu cha msongeni kinafunikwa na sahani, sahani haikai sawa, na baba hapendi inzi.