Mashua Isiyo na Nafasi ya Wageni

Mimi nilitaka ile kubwa, na sikuficha. Ilikuwa na vitanda sita, meza ya kukunja, jiko la gesi na choo chenye mlango wake. Ile ndogo ilikuwa na vitanda viwili tu, na choo kilichofichwa chini ya godoro kana kwamba ni aibu ya familia. Sasa niambie, mgeni akija atalala wapi?

Mume wangu Kamande alicheka nilipomuuliza hivyo. "Mama Njeri, mgeni gani huyo atakufuata mpaka kwa maji?"

"Watakuja tu. Kwani huwajui watu wetu?"

Na kweli walikuwa wanakuja. Akina mama wa chama chetu cha kanisa, pale Walthamstow, huku ughaibuni, hawaachi kitu kipya kipite bila maombi. Ukinunua gari, wanaliombea. Ukihamia nyumba, wanaiombea chumba kwa chumba, jikoni wakikawia zaidi kwa sababu ya chai. Mashua nilikuwa nimeshawaahidi. Mumbi, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshagawa kazi: nani alete chapati, nani alete flaski. Ningewaketisha wapi wanawake kumi na wawili katika kimashua kile?

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa Limehouse, tumesimama gatini mbele ya mashua zote mbili. Zilikuwa za mitumba, na bei zake zilikaribiana kwa kuwa ile kubwa ilikuwa imekula chumvi nyingi. Aliyekuwa akiziuza ni Rasik, Mhindi wa Kenton aliyezaliwa Mombasa. Alipotusikia tukibishana, akaacha Kiingereza papo hapo.

"Karibuni, karibuni! Mama, vua viatu tu, ingia, chungulia kila kitu. Kuuliza si ujinga."

Angejua anamwambia nani, asingesema. Mimi ni muuguzi mstaafu. Maisha yangu yote nimelipwa kuchungulia watu. Nilifungua kila kabati, nikainua kila godoro, nikanusa matangi. Maji machafu yanaenda wapi? Hili bomba ni la nini? Mlingoti huu umesimama juu ya kitu gani, na ukianguka unaangukia nani? Rasik alijibu yote, mpaka akaanza kujipangusa jasho, na ilikuwa Machi, baridi bado kali.

Lakini kitu nilichotaka kujua zaidi ya vyote hakikuwa kabatini. Nilitaka kujua kwa nini Kamande anaipenda ile ndogo. Kila nilipomuuliza alisema, "Tutaona." Mume wangu akisema tutaona, ujue yeye ameshaona.

Kamande aliendesha treni za Victoria line, chini ya ardhi, mpaka alipostaafu. Mimi nilifanya kazi usiku. Binti yetu Njeri tulimlea kwa zamu: mimi natoka, Kamande anaingia, tunapokezana mtoto na funguo mlangoni. Mashua ndiyo iliyokuwa iturudishie miaka hiyo. Kamande alikwenda kujifunza kuendesha mashua huko Essex karibu kila wikendi. Mimi nilikwenda mara mbili, nikatapika mara mbili, lakini kamba ya tanga nilijua kuivuta. Kisha mwaka jana moyo wake ukatushtua, madaktari wakamwekea kibomba kwenye mshipa, na nikadhani habari za mashua zimekwisha. Ndiyo kwanza akazidi kuwa na haraka.

Njeri alizaliwa hapa, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Alinitania kwenye simu: "Dad just wants to get away from you, Mum." Yaani, baba anataka tu kunikimbia. Tulicheka. Baada ya kukata simu sikucheka tena.

Tulianza na ile kubwa. Kamande akasimama, mikono mfukoni. "Mama Njeri, hebu pandisha tanga."

"Mimi? Na wewe unafanya nini?"

"Naangalia."

Nikavuta. Tanga likapanda kidogo, likawa zito. Nikashika mkono wa winchi, ile mashine ndogo ya kuvutia kamba, nikazungusha mpaka mabega yakaanza kuwaka moto. Tanga likagoma katikati ya mlingoti. Rasik akanyoosha mkono anisaidie.

"Mwache," Kamande akamwambia.

Hasira zilinipanda! Mbele ya mgeni, mume wangu ananitazama nikihema kama punda wa mkaa. Nikashuka, nikaingia ile ndogo kwa kishindo mpaka ikayumba.

"Hebu hii pia," akasema.

Nilivuta kwa hasira, na tanga likapanda lote mpaka juu. Akaniambia nilishushe, nikalishusha. Akaniambia niwashe injini, ikawaka. Akaniuliza nanga ilipo, nikamwonyesha, maana nilikuwa nimeshaichungulia. Muda wote huo alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika.

"Hii ndogo," nikamuuliza Rasik, "mtu akiwa peke yake ataiweza?"

"Sana, mama. Mtu mmoja anatosha kabisa."

Basi Njeri alisema kweli. Nilikaa kwenye kibenchi cha nyuma, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Baba Njeri, kama unataka kwenda peke yako, sema. Miaka yote tumepishana mlangoni, na sasa unatafuta mashua ya mtu mmoja. Mimi nina uchungu, nakwambia wazi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akaja akaketi karibu yangu.

"Ya mtu mmoja, ndiyo. Lakini huyo mtu si mimi."

"Ni nani basi?"

"Ni wewe. Huu moyo wangu unaujua kuliko mimi. Siku ukinigomea huko nje, mimi nimelala hapo chini, nani atakurudisha? Ile kubwa ingekushinda, nimeona. Hii utaiweza, hata mimi nisipoweza kitu."

Rasik aliona kamba fulani iliyohitaji kufungwa upya, mbali kidogo na sisi.

Nililia, sitaki kudanganya. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa twende."

Na ningekataa, kweli kabisa. Nilipangusa uso kwa ncha ya leso. Ile kubwa ilikuwa pale pale na vitanda vyake sita, na sikuwa na haja hata ya kimoja.

"Rasik," nikaita, "tunachukua hii."

Kamande akatabasamu. "Na wageni je? Mumbi na chapati zake?"

"Watakunywa chai hapa gatini, wamesimama." Nikaishika tena ile kamba. "Wewe kaa hapo hapo, unifundishe kukurudisha nyumbani."