Mkwe Aliyeingia Jikoni

Bibi Nyamburi wa Butiama alikuwa na mjukuu mmoja tu aliyebaki kuoa, Mwikwabe, na kichwa cha Mwikwabe kilikuwa kinavuja kama debe bovu. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka ule wa foleni za sukari, TB ilimpanda kichwani ikawa homa ya uti wa mgongo, akalazwa Musoma hajitambui, hadi ndugu wakaanza kuulizana sanda itapatikana duka gani. Akaamka! Ila mkono wa kulia ulikuwa mzito, maneno yalitoka pole pole, na jambo la asubuhi halikufika jioni. Ya zamani aliyakumbuka yote. Mapya yalimponyoka, na njia zilimpotea hata uani kwake.

Siku hizi maduka ya Bunda yalikuwa yamejaa sabuni tena, na Mwikwabe alikuwa amempata Skolastika, binti wa kijiji cha Mugeta, mcheshi kama yeye. Binti alishakubali. Walibaki wazazi wake, na leo ndiyo siku ya kwenda kuonwa nao. Wakimkataa, basi.

"Mama mkwe utamfanyaje?" Bibi alimuuliza huku akimfunga vifungo vya shati la mtumba, maana vidole vyake vya kulia haviviwezi.

"Sitampa mkono. Nitaangalia chini. Nitampisha njia."

"Na jikoni kwake?"

"Jikoni... ndiko nitakula?"

"Huingii, mume wangu! Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Ukiingia umetuharibia."

"Basi nitakaa na njaa."

Mugeta walipokewa na Werema, baba wa binti. Mwikwabe akaamkia vizuri, akaulizia ng'ombe, akacheka panapochekwa. Bibi akaanza kupumua. Ndipo kijana akaomba kwenda chooni. Akaonyeshwa. Akakawia, akakawia, halafu jikoni kukasikika ukelele.

Werema alitangulia, Bibi nyuma yake. Mle ndani Gati, mke wa Werema, alikuwa amebanana na ukuta, kanga imemfunika uso. Mwikwabe amekaa kwenye kigoda cha mama mkwe, anachomoa kuni mafigani kwa mkono wa kushoto.

"Mama, kuni hizi mbichi," alikuwa anasema pole pole. "Zinakuumiza macho. Nani amekuletea?"

"Bibi Nyamburi!" Werema alinguruma. "Huyu amesahau, au ametudharau?"

Bibi aliijua mila. Aliyesahau hutozwa kuku. Aliyedharau hurudi kwao bila mke.

Mwikwabe aliinuka, akatazama chungu, akatazama kanga, ndipo akajua alipo.

"Nimepotea, baba. Nilitoka chooni, milango ikawa mingi. Mimi ninasahauga. Nilikuwaga na akili nzuri, muulizeni bibi. Ila mama alikuwa analia."

"Silii, ni moshi!" Gati alijibu, kisha akajiziba mdomo. Amemjibu mkwe!

Mlangoni Skolastika alipasuka kwa kicheko.

"Wewe unacheka?" baba yake akamgeukia. "Utaishi na mtu wa kupotea?"

"Nitamtafuta, baba. Huwa hafiki mbali."

Gati akageukia ukuta, akasema na mumewe peke yake. "Baba Skola, kuni mbichi umenikatia wewe. Wakwe watatu wamekula nyama ya jiko hili. Nani aliuliza kama moshi unaniuma? Mtoze kuku, yaishe."

Werema alizitazama zile kuni. Akakohoa, na si moshi uliomkohoza.

"Kuku wawili," akasema. "Na huu mlango wa jikoni tutaupaka chokaa, auone kwa mbali auepuke."

Bibi alipiga kigelegele ambacho hakujua bado anacho.

Kurudi, walipata lifti juu ya lori la pamba la kwenda Bunda.

"Bibi, wamekubali?"

"Wamekubali, mume wangu."

Mwikwabe akashangilia, akapiga gunia kwa mkono wake mzima. Walipopita kilima akageuka tena, uso una wasiwasi.

"Bibi... hivi wamekubali?"

"Wamekubali!"

Akashangilia upya, kama hajawahi kusikia. Alipouliza mara nyingine, wapakiaji waliolalia magunia walimuwahi Bibi: "Wamekubali!" Miaka yote Bibi alikuwa amejibu maswali ya kurudia kwa subira tu. Leo alijikuta anamtazama mdomo, anangoja aulizwe tena.