Karatasi ya Ishirini

"Kumi na nane, kumi na tisa." Bashiri alizilaza karatasi za sabuni moja moja juu ya meza ya duka lake pale Nambambo. Ya ishirini akaisogeza puani. "Mbona hii inanuka kafuri?"

Mwanaima aliuma ncha ya kanga. Tangazo la mlangoni lilisema karatasi ishirini kwa dumu la mafuta la lita tano. Alisomewa, maana yeye aliishia darasa la nne. Kwa miezi miwili aliziokota bombani, nyuma ya nyumba ya wageni, hata jalalani. Akazifuta, akazinyoosha chini ya godoro. Tangu mafuta yapande bei mama yake hakaangi tena maandazi. Kuku ametagia ndani ya karai.

"Kafuri?" Getruda alidakia kutoka nyuma. "Si juzi tu ameoshwa mzee Harithi? Weee mwali! Hata maiti humwachii karatasi yake?"

Watu wakacheka.

"Niliiokota njiani," Mwanaima alisema.

"Njia gani?"

Aliyeuliza alikuwa Hafidha, binti wa marehemu. Alisimama kwenye magunia ya sukari, macho bado mekundu. Kicheko kikakatika.

Kila mtu alijua kwamba vitu vilivyotumika kumwosha marehemu hufukiwa shimoni pamoja na maji yake. Siku ile Mwanaima alikuwa akisugua masufuria ya msibani. Shimo lilikuwa bado wazi, upepo ukaitoa karatasi ukaileta hadi miguuni pake. Ilikuwa hatua nne tu kuirudisha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaitia kifuani.

"Uani kwenu, da Hafidha," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyejikojolea.

Hafidha alikuja mezani. Aliichukua ile karatasi, akaikunja taratibu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akatoa pesa.

"Bashiri, nipe sabuni moja kama hiyo."

Aliimenya palepale. Akaiweka karatasi mpya juu ya zile kumi na tisa.

"Ishirini hiyo. Mpe mafuta yake."

Akatoka na sabuni tupu mkononi. Getruda alianza kutazama bei ya viberiti.

Nyumbani mama hakuamini. "Bure? Bure kabisa?"

"Ni zawadi ya dukani, mama."

Mama alimhamisha kuku na mayai yake, akasugua karai kwa majivu, akakanda unga uliobaki huku akiimba. Mwanaima alichochea moto bila kuinua uso. Maandazi ya kwanza yalipoiva, mama alipanga matano kwenye sahani akayafunika kwa kitambaa.

"Wapelekee kina Hafidha, mwanangu. Kwenye nyumba ya msiba hakupikwi."

"Apeleke mwingine."

"Mwingine yupi? Tuko wangapi humu?"

Akaenda. Alipofika kwenye mkorosho ulio mpakani mwa ua wa kina Hafidha, alisimama. Karibu na mtungi, juu ya jiwe la kunawia, ile sabuni ilikuwa imelala bila karatasi yake, imeloa, na alama za vidole vya mtu. Ndani mtu alikohoa.

Mwanaima alifungua mdomo apige hodi. Joto la maandazi lilipenya sahani, likamfika viganjani, na bado alikuwa amesimama.