Chumba cha Watoto Wapole

Muuguzi alimkalisha mtoto juu ya meza, akamwachia. Mtoto alienda upande, akagonga shavu kwenye ubao, wala hakulia. Alifumba macho tu.

"Ana miezi mingapi?"

"Saba, dada." Mama mtu alikuwa bado na manyoya ya kuku kwenye nywele. "Ila ni mpole. Tangu nirudi kazini hajanisumbua hata siku moja. Wenzangu wananionea wivu."

Muuguzi akampa mtoto kijiko. Kikamponyoka. Akainama, akamnusa mtoto kinywa, uso ukamkunjamana.

"Anayekulelea anamnywesha dawa ya kifua ya watu wazima, alale. Mtoto wa umri huu anagombana na dunia, mama. Ananyang'anya kijiko, anatema uji, anakuvuta nywele. Huyu hajui hata kama ana mikono. Akiendelea hivi hatakaa. Na siku moja hataamka. Mwache alie!"

Mpole. Neno hilo mama alikuwa akilitembeza mtaani kama pambo. Alipewa na Bi Kimya, mlezi wa chumba cha watoto pale kiwandani, na kwa furaha akamzawadia mlezi huyo kipande cha sabuni. Sabuni! Alitamani kujizaba makofi.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kukata shingo. Kuku walikuja wakining'inia, miguu juu, naye akawapitishia kisu mmoja baada ya mwingine, damu ikimrukia mpaka kwenye kope. Chumba cha watoto kilikuwa nyuma ya ukuta huohuo. Wageni wa tajiri wakipitishwa pale hushika vinywa kwa mshangao: watoto wote hawa, na hakuna anayelia! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwahi kualikwa kiwandani kule.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamka analia. Alilia njia nzima mgongoni, akimvuta mama yake nywele, na mama akacheka peke yake barabarani kama mwehu. Hakwenda kwenye mstari wa kuku. Aliingia moja kwa moja chumba cha watoto, kisu cha kazi kiunoni, akamkuta Bi Kimya ameshika chupa, watoto wamelazwa sakafuni midomo wazi. Alimkaba koo, akambamiza ukutani.

"Unaniulia mwanangu!"

"Niue na wewe basi," alisema Bi Kimya, damu ikimchuruzika puani. "Aliyekuwa hapa kabla yangu aliwaacha walie. Alifukuzwa kama mbwa. Hii chupa analeta msimamizi mwenyewe. Mtoto akilia, mama anakuja kunyonyesha. Mama akija, mstari unasimama. Ukisimama, nani anatupwa nje? Mimi ndiye ninayewalindia vibarua vyenu, binti yangu. Na sabuni ulinipa."

Mama akamwachia koo. Mtoto alikuwa akipiga yowe, na yowe hilo ndilo lililomleta msimamizi.

Hakuuliza kitu. Alimfyatua Bi Kimya kofi, kisha akamchomoa mtoto mgongoni mwa mama yake.

"Leo kuna wageni." Akambana mtoto mashavu kwa vidole viwili mpaka kinywa kikafunguka. "We bibi, mimina."

"Bosi, mtoto ni mdogo..."

"Mimina!"

Mama alichomoa kisu. Mkono wake ulijua kazi. Ulipita mara moja tu, na msimamizi akawa anautazama mfupa wa mkono wake mwenyewe. Bi Kimya akamdaka mtoto.

Walinzi wawili walimwangukia mama kwa marungu. Jino likatoka, ubavu ukalia. Wakamburuta kwa nywele juu ya sakafu ya damu, mbele ya wenzake wote, na wenzake wakaendelea kukata. Mwenye nguvu mpishe. Mmoja tu alinong'ona, "Pole, mwenzangu," bila kuinua kichwa.

Geti likafungwa, yeye nje, mtoto ndani.

Alilibamiza kwa ngumi mpaka ngozi ikachunika. Kule ndani mtoto alikuwa analia, kilio kikali cha kugombana na dunia.

"Lia, mwanangu!" alipiga kelele. "Lia, usinyamaze! Niko hapa!"

Kilio kikapanda. Kikakwama, kikapanda tena. Kisha kikakatika.

Akaweka sikio kwenye bati. Alisikia mashine tu.

"Lia," alisema.

Mlinzi alifungua kidirisha cha geti, akamtazama kinywa kilivyojaa damu.

"Umeona sasa? Mtoto wako mpole. Mwenye kelele ni wewe."

Nyuma yake gari la wageni lilipiga honi, kwa upole, asogee.